Ferdinand Aanguka Kifafa

Ferdinand alikuwa anakatiza Chanika akivuta mbuzi aliyempata asubuhi kwa Mzee Albano wa mtaa wa pili, kwa kumpa chupa moja ya dawa ya kifafa ya mjukuu wake, alipoona cherehani barazani. Habari za mwenye cherehani alikwishazisikia: Bernadeta, kifafa tangu utotoni, vidonge vya aina tatu na bado anaanguka. Mama yake, Auleria, amelia mpaka amechoka. Kwa tapeli mwenye bidii, huo ni mgodi.

"Shikamoo mama. Vidonge vimeshindwa, si ndiyo? Mie nilikuwaga hivyohivyo. Chupa hii moja, mnipe cherehani tu."

"Daktari kasema wapo watu dawa haziwamalizi," Bernadeta akadakia. "Zinapunguza. Na nisiache kumeza."

"Achana nazo! Leo sijainywa yangu makusudi. Nikianguka, mama, nimiminie mdomoni, uone nitakavyoinuka."

Auleria alikwishaanza kuifuta cherehani vumbi.

Ferdinand akaanguka. Povu la sabuni, mateke, miguno, majirani wakajaa. Ila jicho moja lilikuwa linamchungulia mbuzi, na Bernadeta akaliona.

"Mama, usimtie kitu mdomoni!"

"Lakini mwenyewe kasema..."

"Atapaliwa. Hospitali tuliambiwaje? Mlazeni ubavu."

Ferdinand akaachama kama kinda la ndege. Hakupata hata tone. Mwisho akachoka, akatulia.

"Sasa atalala," Bernadeta akawafundisha majirani. "Mie nikizinduka hata nilipo sipajui. Huyu akiinuka sasa hivi na kumbukumbu zake zote, ni tapeli huyo, mwiteni mwenyekiti wa mtaa."

Ferdinand akalala. Nzi wakamtembelea puani, akawavumilia. Baadaye akafumbua macho taratibu, kwa adabu zote za mgonjwa.

"Pole, braza," Bernadeta akasema. "Unaitwa nani?"

"Si... sijui."

"Cherehani hii ya nani?"

"Sijui."

"Na mbuzi?"

Ferdinand akamtazama mbuzi. Akawatazama majirani, wengine wameshavua kandambili.

"Mbuzi," akasema, chozi la kweli likimtoka, "simkumbuki kabisa."

"Mie namkumbuka," akasema Mzee Albano kutoka nyuma ya watu, akashika kamba.

Jioni Bernadeta alimeza vidonge vyake. Alhamisi akaanguka tena, maana kifafa chake hakina masihara. Auleria akamlaza ubavu, asimtie kitu mdomoni, akakaa naye huku roho inamuuma. Bernadeta alipozinduka hakujua hata ni siku gani.

"Cherehani ipo?" akauliza.

"Ipo, mwanangu. Na mimi nipo."