Kabati la Mama na Rangi ya Bure

Jumatatu, 4 Machi

Mama ameondoka kwenda kumuuguza Shangazi, aliyepasuliwa goti. Atarudi Jumapili. Ameacha maagizo matatu: nifunge mlango wa uani, nisimchokoze Dada, nisiguse kitu sebuleni. La kwanza nimelishika. Mawili yaliyobaki yananiangalia na mimi nayaangalia.

Chanzo ni mapazia. Dada aliyashona mwenyewe, na Mama amemwonyesha kila mtu, mpaka yule anayekuja kusoma mita ya maji. Mwezi mzima nyumba hii haina habari nyingine. Mimi mwenye mikono ya dhahabu nikipita, nasikia tu kwamba ndimi niliyevunja kiti. Kile kiti kilikuwa na ugonjwa wake.

Nimekaa sebuleni nikapima hali. Mapazia yanameremeta. Chini yake limesimama kabati la vyombo, jeusi, zito, kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shambani. Alilitengeneza Babu, mzaa Mama, seremala, Mungu amrehemu. Tangu afariki hakuna aliyelifanyia lolote zaidi ya kulifuta.

Nimeamua. Litapata sura mpya. Sinunui kitu. Natumia vilivyopo, akili ikiwemo.

Jumanne, 5 Machi

Rangi imepatikana. Fundi rangi aliyekuwa zahanati amemaliza kazi, alikuwa anatupa makopo. Nikamwambia nitamsaidia kuyatupa. Makopo matatu ya rangi ya maji: nyeupe nusu kopo, kijani kidogo, na waridi ya wodi ya wazazi. Nimemimina zote kwenye ndoo moja. Nilitegemea kijani cha majani machanga. Imetoka rangi ambayo bado haijapewa jina. Dada anasema inafanana na maji yaliyooshewa sufuria ya maharage. Nimemjibu kwamba macho yake yameharibiwa na mapazia.

Nikapita kwa Fundi Randa kuazima brashi. Ni seremala, jirani yetu. Tunamwita hivyo kwa sababu huwa anapiga randa huku anaongea, hujui anakujibu wewe au anaujibu ubao. Akaniuliza brashi ni ya kazi gani. Nikamweleza, nikaongeza na manjonjo. Akasema nianze na msasa, nisugue mpaka mbao ikwaruze kama ulimi wa paka, la sivyo rangi haishiki. Siku mbili za msasa, nusu siku ya rangi, ndivyo alivyofundishwa.

Watu wa zamani wanapenda kuchoka. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikachukua brashi. Msasa niliuacha pale pale kwenye benchi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kazi. Kabati limefungwa na ufunguo kaondoka nao Mama. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Mimi nimefungua bawaba kwa bisibisi, milango yote miwili ikatoka. Vyombo nimevipanga juu ya kitanda cha Dada, maana changu kina mimi. Milango nimeilaza uani kwenye turubai.

Ndani ya mlango wa kushoto ilibandikwa kalenda kwa ncha ya juu tu, ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado nanyonya. Nimeibandua polepole, Mama anapenda kutunza vitu visivyo na kazi. Chini yake kumbe kumejaa penseli. Namba, na mwandiko wa fundi uliobanana. 17, 4, 98. Halafu 3, 11. Vipimo vya Babu, nikasema. Nikaleta futi kamba kuhakikisha. Hakuna upande wa kabati hili unaolingana na hata kimoja. Nikamsamehe. Marehemu hasemwi vibaya, ila kupima kulimshinda.

Nikapaka juu yake. Nje na ndani, mara mbili, bila kubakiza doa.

Ilivyotoka! Nimeizunguka milango mara sita. Dada katoka kazini, kaitazama, kasema hajui aseme nini. Naandika hapa tarehe na saa, kumi na moja jioni, kwa sababu ni sifa ya kwanza aliyowahi kunipa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwisha.

Asubuhi Dada alikuja kunisaidia kurudisha vyombo, alikuwa anakidai kitanda chake. Akageuza mlango wa kushoto. Akaganda. Akaniuliza maandishi yako wapi. Nikamwambia kama anamaanisha vile vipimo vya Babu, nimevisitiri. Akakaa sakafuni na sahani tatu mapajani.

Ikamtoka kidogo kidogo. Havikuwa vipimo. Kila mjukuu alipozaliwa, Babu alichukua penseli yake ya kazi akaandika kwenye ule mlango siku, mwezi, mwaka, na maneno mawili matatu. Hakuwa na daftari. Maisha yake yote aliandika kwenye mbao. Picha yake hatuna, barua yake hatuna, tuna ule mlango. Mama akimkumbuka baba yake anafungua kabati, anainua kalenda, anasoma, anaifunika tena isipate mwanga. Dada amemwona mara nyingi. Mimi sijawahi, kwa sababu nikimwona Mama kasimama kabatini najua anahesabu vikombe, natokea mlango wa uani.

Kwanza nilicheka. Halafu nikaona Dada hanigombezi. Dada asiponigombeza ujue mambo yameharibika. Alikuwa analia tu, zile sahani bado mapajani.

Nimejaribu maji na sabuni. Rangi imeng'aa zaidi. Nikafuata mafuta ya taa, Dada akanidaka mkono akaniuliza hayo mafuta yatajuaje kuondoa rangi na kuacha penseli. Nikayarudisha jikoni. Nimefikiria kuyaandika upya mwenyewe, ila sijui binamu zangu walizaliwa lini, na Mama anaujua mwandiko wa baba yake kuliko anavyoijua sura yangu. Nimefikiria pia kuhamia kwa Shangazi, nikae na goti lake.

Chakula hakipiti. Nimekula sahani moja tu.

Jumamosi, 9 Machi

Dada kanipeleka kwa Fundi Randa kama mtuhumiwa. Kasimulia yeye, mimi nimeangalia vidole vya miguu. Alipofika kwenye maandishi, Fundi akaiweka randa chini. Tangu nizaliwe sijaona randa ile ikikaa chini mchana.

Alikuja nasi hadi uani. Akachuchumaa kwenye mlango, akauliza kitu kimoja: nilipiga msasa? Nikasema sikupiga. Akauliza, hata kidogo? Nikasema hata kidogo, Fundi, nisamehe. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Tukadhani kapata wazimu.

Akatueleza. Kila mwezi Mama hupitia kwake kuchukua nta, na kila mwezi hulisugua kabati hili, nje na ndani ya milango, tangu mzee azikwe. Rangi ya maji juu ya nta ya miaka yote hiyo haina pa kujishikiza. Akaingiza ukucha pembeni, akavuta. Ikatoka ngozi nzima, upana wa kiganja, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Akasema ningekuwa kijana mwenye bidii, leo Babu angekuwa amezikwa mara ya pili. Nilichosikia mimi ni kwamba uvivu wangu umeokoa ukoo.

Tumebandua kutwa nzima. Fundi kwa kisu chembamba, Dada kwa kucha, mimi kwa kijiko, kisu walininyima. Saa saba ikatokea penseli. Iko vile vile, chini ya nta, hata mkia wa herufi haujakatika. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Dada: "Wa kike. Anatazama watu kama hakimu." Fundi akamtazama Dada, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nikakaa chini. Sikulia. Kulikuwa na vumbi.

Wangu uko chini kabisa, umebanwa pembeni ya bawaba. "Wa kiume. Kaja wiki tatu kabla ya siku zake. Haraka ya nini, sijui."

Babu alifariki kabla sijaota meno. Sikujua kama kuna mahali aliniandika. Nimeusoma mstari ule mpaka Dada akanipokonya kijiko.

Jumapili, 10 Machi

Mama amerudi saa nne, milango, kalenda na vyombo vyote vikiwa vimesharudi mahali pake. Akasimama mlangoni na mkoba mkononi, anatazama kabati. Ile rangi ilipotoka ilivuta na moshi wa miaka yote, milango imebaki na rangi ya asali. Akauliza nani kalisafisha. Dada akakohoa. Nikasema ni sisi, tulitaka kumfurahisha.

Akatoa ufunguo. Hapo niliacha kupumua. Akafungua, akainua kalenda, akasoma kuanzia juu. Alipofika chini akasoma tena, midomo ikicheza. Akaishusha kalenda. Akasema pembeni kuna alama ya kidole ya rangi asiyoielewa. Nikamwambia labda ni ya Babu. Akanikodolea macho, halafu akacheka, akanishika kisogo, akasema angalau mwaka huu nimefanya jambo moja la maana.

Jamani, hewa ni tamu. Nimelala mchana kutwa kama gunia la mkaa. Bei ya ukimya wa Dada ni kwamba naosha vyombo mpaka atakapoolewa, na amesema hajaanza hata kutafuta. Naosha huku napiga mluzi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka mwepesi. Nimetafakari yote yaliyonipata na nimepata somo. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kabati. Samani zina historia. Ukuta hauna.

Kwa hiyo natoboa dirisha kati ya jikoni na sebule, dogo tu, la kupitishia vyombo, ili muoshaji asizunguke. Mama kaenda sokoni, atarudi saa saba. Dada yuko kazini. Fundi Randa kakataa kuniazima hata msumari, lakini fundi viatu ana nyundo na hana maswali mengi. Gharama yote ni sifuri.

Nimeshachora alama kwa chaki. Katikati ya alama kuna bomba linapita. Nimeligusa lote kwa kiganja, kuanzia juu mpaka chini. Kavu kabisa kwa nje, kwa hiyo ndani hamna maji.