Musa Ndani ya Kanda ya Kwaya

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Migori

Shemeji Javan, amani kwako na kwa Filister na wote hapo Homa Bay. Mgongo umepona? Na lile jino? Niambie ukweli, usinifiche kama mara ile. Sisi tuko, Mungu ametushika. Mke wangu Bitutu anasema macho yangu yamekuwa mekundu kama ya mtu wa chang'aa. Ni kazi, shemeji. Kazi tu.

Nimeamua kuandika kila siku kwa daftari hili, halafu nikutumie lote. Wewe ni fundi wa redio, utanielewa. Hapa hakuna anayenielewa.

Jana baraza la kanisa lilinikalia. Kisa ni ile mashine ya gemu niliyoitoa Isebania, yenye kibodi. Si unajua niliinunua nikidhani ni taipureta ya kuandikia barua za kanisa? Kumbe inachezwa! Watoto wakaijua, hasa gemu yake ya vifaru vya vita. Sasa wiki nzima wanajipanga dirishani kwangu, na lesoni ya Sabato hawasomi. Mmoja aliulizwa darasani nani aliangusha kuta za Yeriko. Akajibu kifaru.

Onchiri, kiongozi wa kwaya, akasimama. Akasema kwa ile sauti yake ya upole (ile sauti!) kwamba mtu mwenye vifaru sebuleni hawezi kushika kengele ya Shule ya Sabato.

Kengele yangu, Javan. Miaka kumi na moja. Ndogo, ya shaba, mpini wa mti. Nikiigonga, madarasa yote yananyamaza, hata wazee. Hakuna mahali pengine duniani watu wananyamaza kwa ajili yangu. Nyumbani usiniulize.

Nikasimama. Mdomo ukajifungua wenyewe. Nikawaambia mashine ile inaandikika, na mimi ninaiandikia gemu ya Biblia. Musa na Bahari ya Shamu! Kicheko. Ila Mchungaji Okari hakucheka. Akasema niilete Jumapili saa nne asubuhi, mbele ya baraza. Musa akivuka, kengele inabaki kwangu. Asipovuka, inaenda kwa Onchiri.

Siku sita. Mungu aliumba ulimwengu wote kwa siku kama hizo. Mimi nina bahari moja tu.

Jumanne, 6 Agosti

Kazi imeanza. Iko hivi: unachomeka ile kaseti pana ya njano, skrini inakuwa nyeusi, halafu unachapa amri, kila mstari na namba yake, kumi, ishirini, thelathini, hivyo hivyo. Kitabu cha maelezo ni cha Kichina, lakini mifano ina Kiingereza kifupi. Kama hivi, basi vile. Nenda mstari fulani. Darasa langu la saba limetosha. Programu nimeitunga kwa kalamu katika daftari la hesabu. Mistari mia mbili na kumi na minne! Bitutu ananisomea, mimi nachapa. Anasoma kama anayesoma Zaburi.

Shida moja. Mashine haikubali picha za kwangu. Ina zake tu. Mtu mnene mwenye kofia, kobe, roketi, na ndege fulani weusi wenye kifua cheupe wanaotembea kama mashemasi. Basi. Musa ni mtu mnene mwenye kofia. Jeshi la Farao ni kobe kumi na wawili. Wana wa Israeli ni wale ndege. Bitutu akasema mmoja wao anafanana sana na Onchiri. Akataka kujua kama naye ataokoka. Nikamwambia asome mstari wa tisini, ndio unaoamua.

Saa kumi jioni, tukiwa tumechapa mistari mia mbili, stima ikapotea.

Ikarudi. Skrini nyeusi. Hakuna hata herufi moja! Javan, mashine hii haina kumbukumbu. Ukiizima imesahau kila kitu, hata wewe.

Jumatano, 7 Agosti

Tumechapa upya. Vidole vinauma. Saa nane tukajaribu. Musa akafika ufukweni. Nikabonyeza, akainua mkono. Bahari ikafunguka! Musa akaingia. Bahari ikafunga.

Bitutu akasema, "Baba Kerubo, umemuua Musa."

Nikabadilisha mstari wa 340. Sasa Musa akapita salama, kobe wote wakapita salama, na Israeli yote ikafa maji. Farao amefika Kanaani!

Na wakati huo huo Onchiri anabisha hodi. Amemletea Bitutu kanda ya kwaya, ajifunze sauti ya pili ya wimbo mpya wa mikutano ya makambi. Ni kanda moja tu, hakuna nakala, na ataihitaji Sabato. Akatazama skrini. Kobe wanatembea ng'ambo wakitikisa vichwa.

Akasema, "Ndugu Mokaya, naona siku hizi wokovu umehamia upande wa Farao."

Halafu akaichukua kengele yangu kabatini. Akaipima kwa mkono. Akasema ni nyepesi kuliko alivyodhani. Akairudisha. Si pale alipoitoa!

Nimeifuta kwa kitambaa mara mbili.

Alhamisi, 8 Agosti

Waya wako na barua vimefika kwa mkono wa Kezia, yule muuza samaki wa omena niliyemtuma kwako jana alfajiri na kisa cha stima. Asante sana, shemeji. Unasema nichomeke kati ya kibodi na redio ya kanda, mashine itaimba programu yote ndani ya kanda, na siku nyingine kanda itairudisha. Unasema nitumie kanda mpya. Umepigia mstari. Unasema nijaribu kuirudisha kabla ya kuzima. Hapo umepiga mistari miwili. Shemeji, mimi si mtoto. Redio ninaijua.

Waya nimeuweka kabatini. Nina mpango rahisi zaidi: nikimaliza, sizimi mashine mpaka Jumapili.

Saa sita mchana stima ikapotea. Bitutu akafunga daftari la hesabu, akatoka nje, akakaa na kuku kwa muda mrefu.

Ijumaa, 9 Agosti (naandika mbio mbio, jua linashuka)

Tangu saa moja asubuhi hatukuinuka. Saa kumi na dakika kumi, Javan, alivuka! Musa akavuka. Wale ndege wakavuka wote arobaini, mmoja mmoja, kama mashemasi wanaoenda kukusanya sadaka. Kobe wakaingia. Maji yakafunga. Kobe kumi na wawili, wote chini! Siri ilikuwa mstari wa 340. Niliubadilisha papo hapo kwenye mashine. Bitutu akapiga vigelegele. Mimi nilipiga magoti.

Nikiwa pale chini, jicho likagonga kalenda ya kanisa. Ijumaa, kuzama jua: saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne.

Sabato! Nilikuwa nimeisahau Sabato!

Nikasema mashine iachwe inawaka. Haifanyi kazi, inakumbuka tu. Bitutu akauliza inakumbuka kwa stima ya nani. Na leo wazee wanakuja kufungulia Sabato hapa kwetu. Nikaifunika kwa kitambaa cha meza. Taa yake nyekundu ikapenya, ikakaa kama jicho la fisi. Haiwezekani.

Basi waya wako. Lakini kanda mpya iko wapi? Nikakimbia kwa Magige sokoni. Kanda tupu zimekwisha. Anazo za rumba tu. Akaniambia, "Mzee, rekodi juu yake, nani atajua?" Mimi nitajua! Nimwendeshe Musa juu ya watu wanaotikisa viuno? Nikakataa. Magige akasema basi nimsalimie Musa.

Nikarudi saa kumi na mbili na nusu. Bitutu anaoga. Mezani, ile kanda ya kwaya.

Nilifikiri vizuri, shemeji, usidhani sikufikiri. Kitakatifu juu ya kitakatifu. Wimbo Bitutu anaujua tayari, nimemsikia jikoni. Onchiri anaweza kurekodi tena hata kesho kutwa. Kile kitundu cha kuzuia kurekodi nikakiziba kwa karatasi. Nikabonyeza. Ikalia kama nguruwe kwenye lango, dakika sita. Nikazima mashine dakika tatu kabla ya jua.

Kujaribu kuirudisha? Wazee wako mlangoni, wameshaanza kuimba.

Jumamosi, 10 Agosti (jua limezama, naruhusiwa kuandika)

Javan. Javan.

Asubuhi niligonga kengele yangu, wakanyamaza vizuri sana. Mchana tukarudi kwa mafundisho ya nyimbo. Onchiri ameweka redio kubwa mimbarini, washiriki wote wajifunze kiitikio, na Mchungaji Okari asikie kwaya ilivyoiva. Akaita, "Dada Bitutu, ile kanda." Bitutu akafungua mkoba.

Nilikuwa nimeiacha ndani ya redio yetu! Kumbe aliitoa asubuhi. Ni mtu mwaminifu, aliambiwa airudishe Sabato. Nikaanza kuinuka, nikachelewa. Onchiri akatangaza kwamba tutasikia sauti alizozipanga yeye mwenyewe. Akabonyeza.

KRIIIIIIIIII!

Watoto wachanga wote wakaanza kulia kwa pamoja. Onchiri akazungusha sauti ili apunguze, akaongeza. Mama Zilpah, ambaye mwaka mzima hasimami bila kushikwa, akasimama peke yake akakemea kwa jina la Bwana. Mchungaji akauliza ni nini hiki. Onchiri, jasho tiriri, akasema ni kwaya.

Mama Zilpah akasema, "Kwaya ya wapi? Ya kuzimu?"

Mimi nikanyamaza. Nakuambia wewe tu. Nilimwona Onchiri anatetemeka, na utamu fulani ukaingia moyoni kama asali. Kengele ilikuwa mfukoni. Nilidhani imeokoka.

Halafu akasema kwa hasira kwamba kitu hicho hakiwezi kukaa katika nyumba ya Mungu. Akaitoa kanda. Akaingiza kidole. Akaanza kuuvuta utepe wake, mrefu, unang'aa, wanakwaya wawili wakisaidia.

Nikapiga kelele: "Usivute! Musa yuko ndani!"

Kimya. Kimya kuliko cha kengele yoyote. Ikabidi nieleze yote, nimesimama katikati ya kanisa. Bitutu hakugeuka hata mara moja. Nilitazama kisogo chake. Kisogo kinaweza kukasirika, sikujua.

Mchungaji akasema tu, kesho saa nne. Nimeurudisha utepe kwa kalamu. Umekunjamana mahali pamoja, padogo tu. Sijala. Hakuna aliyenipakulia.

Jumapili, 11 Agosti

TV tuliisukuma kwa mkokoteni. Baraza zima kwenye benchi. Waya wako, kanda, redio. Dakika sita za kelele, Mama Zilpah ameziba masikio kwa kanga. Nahesabu moyoni. Dakika ya nne tukafika pale palipokunjamana.

Mashine ikakwama. Kosa.

Nikarudisha mwanzo. Dakika nne. Kosa. Mara ya tatu, kosa. Onchiri akakohoa.

Nikaomba wanipe nafasi nichape upya. Mchungaji akatazama saa, akasema mpaka saa saba. Lakini nani wa kunisomea? Bitutu hajanisemesha tangu jana mchana. Nikaweka daftari la hesabu kwenye magoti na kuanza kuchungulia peke yangu, namba moja, herufi moja.

Nikasikia benchi inalia nyuma. Akaja. Akalichukua daftari bila kunitazama. Akasoma, "Kumi."

Javan, sikuona kibodi kwa machozi. Nilichapa kwa vidole tu.

Mistari mia mbili na kumi na minne. Wazee hawakuondoka. Shemasi mmoja alianza kurudia namba pamoja na Bitutu, kama kiitikio. Saa saba kasoro dakika tano nikabonyeza. Musa akatembea. Nikainua mkono wake. Bahari ikafunguka. Mama Zilpah akasema haleluya. Musa akapita. Kobe wa kwanza akapita. Wa pili akapita.

Nikajua hapo hapo. Mstari wa 340! Ijumaa niliurekebisha kwenye mashine. Kwenye daftari sikuuandika. Bitutu alisoma kilichokuwepo. Nikajaribu kuukumbuka, nikaukumbuka kwa namna tatu, zote tofauti.

Israeli yote ikafa maji mbele ya baraza. Kobe kumi na wawili Kanaani, wakitikisa vichwa. Mama Zilpah akauliza kama imeisha hivyo, au kuna sehemu nyingine.

Nikatoa kengele mfukoni, nikaiweka mezani. Nikaanza kueleza kwamba tatizo ni mstari mmoja tu, kwamba nikipewa siku mbili

Onchiri akaigonga.

Nikanyamaza. Javan, katikati ya neno. Kengele ni kengele.

Halafu Mchungaji akatoa adhabu. Kwa kuwa nimefuta wimbo wa watu, nitakaa na redio ya kanisa makambi yote, nirekodi kwaya upya na kila hubiri, nitunze kanda zote kwangu, mpaka nijifunze thamani ya kanda ya mwenzangu. Nilisema amina. Nilimaanisha.

Jumanne, 13 Agosti

Bitutu ameniambia chai iko tayari. Neno la kwanza la nyumbani. Bwana asifiwe.

Katoni ya kanda imeletwa. Arobaini! Pamoja na mahubiri ya mwaka jana. Nimezisikiliza zote, mwanzo na mwisho wa kila moja, kama mtunzaji mwema. Na nimegundua jambo. Mchungaji Okari hazidishi dakika arobaini. Upande wa kwanza unajaa, upande wa pili hauna mtu! Kanda arobaini, nusu yake hewa tupu, ziko kabatini kwangu kwa amri ya baraza.

Nuhu, shemeji. Safina. Mvua nitatumia zile roketi, ziteremke kichwa chini. Nimefikia mstari wa 610. Bitutu bado sijamwambia, namsubiri achangamke. Marekebisho madogo madogo siandiki, nayashika kichwani, kalamu inachelewesha.

Nitumie waya mwingine, mrefu zaidi, ufike mimbarini. Habari za kanda mpya na za kujaribu usirudie, nimeshazisoma. Kezia anarudi huko Alhamisi na daftari hili, na Jumatatu yuko hapa tena. Nijibu kwa mkono wake, tafadhali, usikawie.

Shemeji yako,
Mokaya