Bunduki ya Babu Enos

Jumatatu, 19 Mei

Nimeipata! Wala sikuinunua. Nimebadilishana. Dorsey wa duka la bunduki kachukua injini yangu ya mashua, mimi nimechukua karabini, bunduki fupi ya bega. Mashua yenyewe ilizama mtoni mwaka juzi. Nani kapata hasara? Si mimi.

Ni kitu cha kumtoa mtu machozi. Kitako cha mbao halisi. Mtutu mweusi, unang'aa. Haina matundu wala vikorokoro kama hizi bunduki za vijana zinazofanana na mashine ya kutobolea ukuta. Inakula risasi za bastola, zilezile ninazotumia siku zote. Unavuta kifyatulio, inapiga, inajipakia yenyewe, unavuta tena. Ukiiona kwa mbali utasema ilitengenezwa baba yangu akiwa hajaota ndevu.

Tatizo ni moja: Wanda. Krismasi iliyopita mke wangu alitamka, mbele ya mchungaji, kwamba bunduki mpya haitavuka kizingiti cha nyumba hii mpaka paa la baraza liache kuvuja. Nikakubali. Mbele ya mchungaji utafanyaje? Paa bado linavuja. Ndoo ya kukinga maji iko palepale.

Lakini alisema bunduki mpya. Hakusema kitu kuhusu ya zamani.

Wazo limenijia nikiwa barabarani, karibu niingie mtaroni kwa furaha. Ukoo mzima unajua kwamba Babu Enos, mzaa baba, alikuwa na bunduki fupi nyuma ya mlango wa jikoni. Alipokufa ikapotea. Marehemu baba alikuwa akisema imechukuliwa na mafuriko. Basi, imerudi! Nimeikuta darini, kwenye banda la zana la baba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 20 Mei

Wanda kaenda kwa dada yake. Nimeijaribu nyuma ya ghala.

Tamu! Haina teke. Inasukuma bega taratibu, kama ng'ombe anayeomba chumvi. Risasi kumi za kwanza zote zimeingia kwenye sahani ya karatasi kutoka kwenye uzio. Kasoro ni moja tu: maganda ya moto yanarukia kulia, na moja likaingia kwenye kola ya shati. Nimecheza ngoma ambayo hakuna kanisa katika kaunti hii lingeiruhusu. Mbwa kakimbia, hajarudi.

Kisha kazi ya kuizeesha. Nimekichapa kitako kwa mnyororo wa trekta. Kila pigo lilinichoma moyo. Nimekisugua kwa kahawa nyeusi, mafuta ya kitani na tumbaku ya kutafuna. Maneno yaliyochongwa kwenye mtutu, yale ya kumkumbusha mwenye bunduki asome maelekezo kwanza, nimeyaziba kwa masizi ya jiko na nta. Babu hakuwahi kusoma maelekezo ya kitu chochote. Namba ya bunduki sijaigusa. Mimi ni mjanja, si mhalifu.

Ukiitazama sasa, ina miaka sabini. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeiingiza ndani asubuhi, imefungwa gunia, utando wa buibui juu yake. Utando niliutoa bafuni.

Nikamweleza Wanda habari yote. Dari, banda, mshangao wangu. Nilitetemesha sauti pale panapofaa. Wanda akaweka mwiko chini. Akaigeuzageuza bunduki. Akauliza mbona inanuka kahawa. Nikasema Babu alipenda sana kahawa. Akauliza Babu aliinywa au alikuwa akiiogea. Nikasema zamani watu walikuwa na tabia zao.

Akainusa tena. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema ni jambo la ajabu, na kwamba kitu cha babu ni kitu cha babu, kiingie ndani, kabati la bunduki liko wazi.

Limekwisha! Hata sikuongezewa swali. Ningekuwa mwanasiasa, mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Wanda kafurahi kupita kiasi. Kafurahi mpaka kampigia simu Shangazi Velma.

Shangazi Velma ni dada yake baba, mkubwa wa ukoo, ana miaka themanini na sita na sauti ya mtu wa ishirini. Saa moja asubuhi simu yangu ikalia. Nilipopokea sikusikia salamu. Nilisikia, "Nilijua! Nilijua! Nilijua!" Mara tatu, kama jogoo.

Nikauliza alijua nini.

Kumbe! Babu Enos, akiwa kitandani anakufa, alimwahidi Velma ile bunduki. Siku ya mazishi ikawa haipo. Velma akasema kaka yake kaiba. Kaka yake, yaani baba yangu Hobart, akasema ni mafuriko. Velma akajibu kwamba tangu lini mafuriko yanachagua bunduki na kuacha meza. Toka siku hiyo hawakusemezana. Ndiyo maana hata tulipomzika baba, Shangazi alikaa upande wa pili wa kanisa na kofia yake kaigeuzia ukuta. Mimi siku zote nilidhani anakwepa jua.

Na sasa bunduki imeonekana wapi? Darini! Katika banda la nani? La Hobart! Nani kaiona? Mtoto wa Hobart mwenyewe!

Akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu mwaminifu, hufanani na baba yako." Jumapili, siku ambayo ukoo hupamba makaburi kila mwaka, ataichukua mbele ya ukoo mzima. Kisha akakata simu.

Nimekaa jikoni, mayai yamepoa. Njia ziko mbili. Niseme kweli, kwamba bunduki ni mpya, na baba yangu hakuiba. Au ninyamaze, na baba awe mwizi.

Nimefikiri kwa haki kabisa, upande huu na upande ule. Baba ni marehemu. Marehemu halazwi kwenye kochi na mke. Nitanyamaza.

Jumamosi, 24 Mei

Lakini kunyamaza si kuitoa! Nina mpango. Bunduki mbovu nani ataitaka? Nitaifanya ikwame. Shangazi akivuta mara mbili ikakwama, atanirudishia mwenyewe niitupe. Nitaitupa kabatini.

Nimekwenda kwa Dorsey kuomba risasi mbaya kuliko zote. Akasema hajawahi kuona mteja anayeomba hivyo. Nikamwambia ashughulike na yake. Akanipa kopo la mabaki: za ncha bapa, za ncha yenye tundu, nyingine zina kutu, nyingine hata Dorsey hajui zilitoka wapi.

Imekula zote.

Nikaichafua vumbi. Imekula. Nikaishika kilegelege kama mtu mgonjwa, maana bastola yangu ukiishika hivyo inakwama. Imekula! Nikaigeuza ubavu. Imekula, na ganda likaingia tena kwenye kola.

Maisha yangu yote nimekuwa na bunduki zinazokwama siku ya mawindo, mbele ya shemeji zangu, na kulungu anatazama. Leo nahitaji moja ikwame, nimepata ile isiyojua kukwama. Nimeipenda zaidi. Nimeibusu kitako. Wanda alikuwa dirishani.

Akaniuliza kulikoni. Nikasema namkumbuka Babu. Akasema pole, baba. Halafu akacheka peke yake mpaka jikoni. Sijui alikumbuka nini.

Jumapili, 25 Mei

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado nimevaa suti.

Ukoo wote ulikuwepo kilimani. Nyasi zimefyekwa, maua ya karatasi kila kaburi, meza ndefu chini ya turubai: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, ile keki ya tabaka za matufaha makavu. Sikula. Nilikula kidogo. Vipande vinne vya kuku, na keki.

Shangazi Velma akaja na mkongojo, amevaa gauni la bluu. Kila mtu alikuwa kashajua. Binamu zangu walinipisha njia, wakanipigapiga mgongoni, wakasema kweli damu si maji ila wakati mwingine mtoto humzidi baba. Baba yangu palepale chini, futi sita, anasikia.

Nilijaribu. Nilimwambia Shangazi bunduki hii ni nzito kwa mikono yake. Akasema alibeba ndama kabla sijazaliwa. Nikamwambia ni ya hatari. Akasema na yeye pia. Nikamwambia labda hii ya darini siyo yenyewe, labda ni nyingine. Hapo ndipo nilipokaribia kabisa kusema kweli. Karibu kabisa! Wanda akanitazama. Nikakohoa.

Shangazi akaichukua. Akapapasa kitako, kila alama ya mnyororo wangu. Akasema hajui vizuri sura yake tena, kumbukumbu zimefifia, alikuwa msichana. Akaiinua mpaka puani. Akafumba macho. Akakaa hivyo.

"Inanuka kama Baba," akasema. "Kahawa na tumbaku. Asubuhi, kabla hajaenda mgodini."

 Nilijua tumbaku ni wazo zuri, lakini sikufurahi. 

Kisha akatembea polepole mpaka kaburi la baba. Hajawahi kulikaribia. Alisimama pale na bunduki kwapani, nikadhani atalipiga risasi. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hobart, mwizi wewe. Ungeniomba tu, ningekupa." Akavuta pumzi. "Haya. Yameisha." Akachomoa ua moja kwenye kaburi la Babu, akaliweka kwa baba. Akalia. Nami nikalia. Nusu kwa ajili ya baba, ambaye hakuiba kitu. Nusu kwa ajili ya bunduki.

Ningesema sasa? Ningemnyang'anya mama mzee kaka yake aliyempata upya? Moyo wangu haukuruhusu. Naona kwa kweli nilifanya jambo jema.

Baada ya chakula akataka kuijaribu. Binamu mmoja akaweka kopo la maharage juu ya nguzo ya uzio, chini ya kilima. Nikaomba kimya kimya: kwama, mpenzi wangu, kwama mara moja tu. Shangazi akaegemea gari, akalenga. Kopo likaruka. Akalifuata chini kwa nyingine mbili, zote zimelipata. Ganda moja likanitua kwenye kola.

Makofi! Shangazi akasema ya Babu ilikuwa ikikwama kila mara, labda kupumzika darini kumeiponya. Hakuna aliyecheka ila Wanda, ambaye alilazimika kwenda kuangalia maharage.

Nilibaki na faraja moja. Magazini ya ziada, kile kisanduku cha kupakia risasi, ilikuwa mfukoni mwangu. Angalau kipande hicho kingebaki kwangu. Tulipokuwa tunaagana, Wanda akasema mbele ya watu, kwa upole kabisa, "Delbert, mpe Shangazi na hiyo ya mfukoni. Si nayo ilikuwa darini?"

Nikatoa.

Jumanne, 27 Mei

Shangazi kapiga simu. Kuna rakuni, yule mnyama mwizi mwenye barakoa ya manyoya usoni, alikuwa anamvunjia banda la kuku tangu Pasaka. Kampiga jana jioni akiwa kakaa kwenye kiti chake cha kuyumba. Risasi moja. Hakusimama hata. Anasema bunduki haina teke, haipigi kelele kama ya marehemu mumewe, na vya kulengea vinaonekana hata kwa macho yake. Mimi hayo nayajua! Mimi ndiye niliyeyagundua!

Akaniambia Jumamosi niende nikaisafishe, maana mikono yake haifiki ndani. Nitaruhusiwa kuishika, akasema, maana nimeonyesha mimi ni mtu wa kuaminika. Kisha nitamfyekea nyasi.

Mvua imenyesha. Ndoo barazani imejaa, imemwagika.  Wanda alinikabidhi nyundo na pakiti ya vigae, akaenda zake.

Jumatano, 28 Mei

Nimepanda paani. Nimepigilia vigae vitatu, kimoja juu ya kidole gumba. Nikiwa juu nimekuwa na muda wa kutafakari yote yaliyotokea. Nimejichunguza kikweli. Kosa langu nimeliona wazi: nilichagua babu asiyefaa.

Babu Enos alikuwa na madeni ya ahadi. Kila mtu alimjua. Kila mtu alimtaka. Mtu makini angechagua babu mtulivu.

Na sikiliza haya! Jioni Wanda alikuwa anamenya viazi, mimi kidole ndani ya maji ya barafu. Kwa sauti laini, bila hata mimi kugusia, akauliza: na babu yako mwingine je, mzaa mama? Yule hakuacha kitu darini?

Nilikaribia kuanguka na kiti. Mtu huhangaika kutafuta wazo, kumbe limekaa jikoni linamenya viazi! Kila mtu ana babu wawili! Nikasema polepole, nikikuna kidevu, kwamba sasa anavyonikumbusha, nadhani Babu Orville naye alikuwa na bunduki fupi. Kitako cha mbao. Akasema loo, kweli? Nikasema kweli kabisa, nitaangalia.

Nimeshampigia Dorsey. Anayo nyingine kama ile, na jenereta langu kalipenda. Safari hii sitatumia kahawa. Babu Orville alikuwa mtu wa chai.

Wanda yuko sebuleni anatafuta namba ya Mjomba Clyde, kaka yake mama yangu, mtoto wa Babu Orville. Anasema tumemsahau, ni vizuri aje kula chakula cha Jumapili. Ana upendo sana na wakwe zake, huyu mwanamke. Nami nimefurahi, maana Mjomba alikuwa fundi wa bunduki jeshini mpaka alipostaafu, na kitu kama kile ni yeye atakayejua kukithamini.