Mshumaa Wenye Utumbo wa Shaba

Ijumaa, 15 Novemba

Tihomir wa ghorofa ya chini kapanda tena na amplifaya yake ya hedifoni. Transfoma zake kazisuka mwenyewe, na hawezi kunywa kahawa ya mtu bila kulitaja hilo. Kanivisha hedifoni, akanitazama kama mtu anayemwonjesha mtoto asali. Sauti? Tamu. Tamu mno! Nikamwambia si mbaya. Kasema kwa mikono yangu hii, mimi hata uzi kwenye sindano siupitishi.

Basi. Nimeapa. Alhamisi ni slava, siku ya mtakatifu wa ukoo wetu, na Tihomir huja kula kila mwaka. Siku hiyo atavaa hedifoni zangu mbele ya wageni wote, na atayameza maneno yake.

Mke wangu Verica kasema slava ikiharibika na mwaka huu, roshani yangu itakuwa ya mapipa yake ya kuchachushia kabichi, na nyaya zangu zote nje. Mwaka jana nilikata umeme wa jengo zima padri akiwa katikati ya wimbo. Nimekubali. Tumepeana mikono. Sina wasiwasi hata kidogo.

Jumamosi, 16 Novemba

Kazi ya kuunda amplifaya yangu imeanza. Waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu tatu kwa kila transfoma, nazo ni mbili, moja kwa kila sikio. Nimeifunga ya kwanza kwenye cherehani ya Verica: nakanyaga, waya unajizungusha. Akili hiyo! Kila mizunguko mia naweka harage moja mezani, nisipotee hesabu.

Maharage ishirini na matatu. Nikaenda chooni. Kurudi, meza inang'aa! Verica kayatia sufuriani pamoja na wenzao. Nilijaribu kuyatambua. Kanichapa vidole kwa mwiko.

Mchana tumekula maharage. Yalikuwa mazuri, lazima niseme ukweli. Nimekula mizunguko elfu mbili na mia tatu, kwa mkate.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo nahesabu kwa chaki ukutani. Tihomir kaja kuazima koleo. Kakaa saa nzima akitaja tarakimu tupu: presha yake mia na sitini, kiatu cha mjukuu thelathini na nane, basi namba tano limechelewa dakika kumi na saba. Kisha: "Dobrivoje, jirani, umefika ngapi vile?" Makusudi kabisa!

Nikamalizia kwa kukadiria. Transfoma moja imenenepa kuliko mwenzake. Si neno. Hata masikio yangu hayalingani.

Jumanne, 19 Novemba

Inafanya kazi! Tatizo dogo: transfoma zenyewe zinaimba, zzzz, hata hedifoni nikizivua. Utadhani nyigu kafungiwa chupani. Nikashuka kwa Tihomir, nikasema nina rafiki ana shida hiyo. Kacheka hadi akakohoa. Kasema nimwambie huyo rafiki kwamba waya unatetemeka, azizamishe kwenye nta ya moto zitulie, tena nta halisi ya nyuki, si takataka za dukani. Akaongeza nimsalimie huyo rafiki na mkewe Verica.

Nta ya nyuki nitaipata wapi mimi? Nimefunga daftari.

Nimelifungua tena. Kabatini, chini ya picha ya mtakatifu, ndani ya kitambaa cheupe.

Jumatano, 20 Novemba

Mshumaa wa slava, ule wa kabatini, wa nta halisi ya nyuki, kauleta mama mkwe, Kosara, kutoka kwa watawa. Mnene kama chupa. Kesho utawaka tangu padri afike mpaka jioni. Mpango: kukata theluthi ya chini tu. Nani huangalia chini ya mshumaa?

Haikutosha. Theluthi ya pili. Kilichobaki kilitia huruma, nikakiyeyusha chote.

Nikazitumbukiza transfoma kwenye kopo refu, moja juu ya nyingine, nta ikaganda. Hazitoki! Nimevuta, nimegonga, nimebembeleza. Mishumaa ya mtaani ni ya nta bandia, na Kosara huunusa mshumaa kabla haujawashwa. Nilikaa jikoni nikiogopa kweli.

Kisha wazo! Utambi nilikuwa nimeuhifadhi. Nikachana kopo, nikauchomeka utambi ubavuni mwa transfoma, nikafunga karatasi ya dhahabu, utepe na kitawi cha mrehani. Nyaya zinatokea chini, kwenye tundu la kitambaa cha meza, hadi amplifaya niliyoificha mvunguni. Mshumaa unaopiga muziki! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria.

Alhamisi, 21 Novemba

Saa tatu asubuhi kafika Padri Miloje. Kosara akaunusa mshumaa, akaridhika. Padri akauwasha, akaimba, tukazungusha mkate wa slava kama ilivyo desturi, akaenda zake. Saa saba, Tihomir. Nikamvisha hedifoni mbele ya watu kumi na wanne. Akafumba macho. Kisha akasema, polepole, kwamba sikio la kushoto linashinda la kwake. LINASHINDA! Wote wamesikia. Nikalia kidogo, nikasingizia kitunguu.

Sikumvua hedifoni. Hilo ndilo kosa. Saa nane na nusu moto ukafika kwenye transfoma ya juu. Cheche. Moshi wa buluu. Tihomir akaruka na yowe, waya ukavuta mshumaa, mshumaa ukavuta kitambaa, kitambaa kikavuta nguruwe wa kuokwa. Nikafanya kile afanyacho mwenye nyumba jioni ya slava: nikauzima kwa divai nyekundu. Chupa nzima. Umeme ukakatika jengo zima. Tena!

Kosara akaokota kilichobaki, akakigeuza, nyaya zikining'inia. "Mkwe wangu," kasema, "mshumaa wangu una utumbo."

Verica akainuka. Alikwenda roshani na futi kamba.

Ijumaa, 22 Novemba

Mapipa mawili ya kabichi roshani. Yanabubujika. Nimeyasikiliza, maana sina kingine cha kusikiliza. Miaka kumi na moja nilikaa pale. Imeniuma, sifichi.

Kisha kaja Tihomir, pamba masikioni. "Lete makorokoro yako kwangu, jirani. Mtu asiye na pa kuweka waya ni yatima." Sikutegemea! Tumeshusha maboksi pamoja, kanipa rafu nzima kabatini mwake. Mtu mwema. Nimemkosea sana. Nimejiahidi kuacha hila, na safari hii ni kweli.

Slava yake ni tarehe 19 Desemba. Mshumaa wao uko rafu iliyo juu ya yangu, ndani ya kitambaa cheupe. Mkubwa mara mbili ya wetu.

Theluthi ya chini tu. Nani huangalia chini?