Kisiwa Kinachosahaulika

Jumatano, 4 Machi

Nimefika kwenye ukumbi wa maonyesho ya utalii kabla ya wafagiaji. Banda letu liko mwisho kabisa, kati ya mlango wa choo na mtungi wa kuzimia moto. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema tumetupwa. Nikamwelimisha: binadamu yeyote, awe waziri au mpiga pasi, lazima apite hapa. Hakujibu. Shemeji ana tabia ya kutojibu mambo yenye akili.

Balaa la bango. Nilimwandikia fundi kwa mkono wangu KISIWA KISICHOSAHAULIKA. Fundi akaona nimekosea, akanisahihisha bila kuulizwa. Limekuja KISIWA KINACHOSAHAULIKA, kwa herufi za dhahabu, upana wa ukuta mzima. Nimefunika katikati kwa majani ya plastiki. Sasa linasomeka KISIWA LIKA. Lina ladha ya kigeni. Huenda ni bora zaidi.

Mke wangu kapiga simu kutoka huko huko kisiwani, kwao. Yuko huko tangu mvua zilizopita, anamuuguza baba yake. (Wenye midomo wanasema alinikimbia. Wenye midomo hawana kazi.) Mzee hali chakula tena. Mke wangu ameniomba nipande boti ya kesho. Nikamweleza kwa utulivu: Mzee alijenga nyumba ya wageni ya vyumba sita. Wazo lilikuwa langu, nyundo ilikuwa yake. Mpaka leo aliyewahi kulala humo ni mpima ardhi mmoja aliyeachwa na boti. Nikimletea wageni, atapona kwa furaha, na mke wangu atanitazama tena kama zamani. Akanyamaza. Kisha akakata.

Kimya ni kukubali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini wahenga hawakuwa na simu.

Alhamisi, 5 Machi

Jirani yetu wa banda anauza kisiwa kikubwa, kile ambacho kila mtu anakijua. Nimempa jina Bwana Mitende, kwa sababu ya mitende sita ya bandia aliyoisimamisha. Ana feni. Mitende yake inayumba! Yangu ni majani ya plastiki yaliyonyamaza kama mimi mbele ya mama mkwe.

Nilijibu mapigo kwa picha. Kisiwa chetu, ukweli usemwe humu tu, hakina mchanga mweupe. Kina matope, mikoko na kaa wenye dharau. Kwa hiyo niliazima ufukwe kutoka kwenye kalenda ya zamani, nikaukuza, nikaubandika. Watu wakaanza kusimama. Mmoja aliugusa.

Adhuhuri Bwana Mitende akaja, akaitazama picha kwa muda. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba lile gati ni la kwao, na aliyekaa pale pembeni na ndoo ni mjomba wake. Hakunigombeza. Akaniomba niitoe nikipata nafasi, halafu akaniletea chai. Sijawahi kutukanwa vile.

Shemeji akasema yeye ana picha za kweli kwenye simu. Akanionyesha. Mikoko. Maji yametulia kama yamekatazwa kusogea. Mzee yuko barazani, anakaza mguu wa kiti, amevaa kofia yake iliyopauka. Nikamwuliza Shemeji nani atavuka bahari kumwona mzee na kiti. Akairudisha simu mfukoni taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

Ijumaa, 6 Machi

Leo ilikuwa siku ya akili. Watu hufuata foleni. Hakuna anayetaka kukosa asichokijua. Niliwaomba wafagiaji watano wasimame mbele ya banda wakati wa mapumziko yao, kwa malipo ya juisi. Wakasimama. Nyuma yao wakasimama wengine. Kufika saa nne foleni ilipita banda la Bwana Mitende. Niliandika majina mpaka wino ukafifia.

Ikaja kujulikana kwamba walidhani ni foleni ya choo. Bwana mmoja mnene alijaza fomu yangu yote akiwa amebana miguu, akaniuliza kama sasa anaweza kuingia.

Mwanamke mmoja tu hakuwa na haja ya choo. Mkunga mstaafu, mvi zimejaa, viatu vya kutembelea. Alikwenda moja kwa moja kwa Shemeji. Akauliza kama kuna mahali mtu anaweza kukaa akatazama maji bila kuuziwa kitu. Shemeji akatoa simu. Yule mama akaitazama picha ya Mzee na kiti, akatabasamu, akauliza kama kile kiti kilipona. Shemeji akasema kilipona, na kwamba aliyekitengeneza ni baba yake, anaumwa. Wakaanza kuzungumza kama watu wa nyumba moja. Akauliza boti huondoka siku gani.

Hapo nikaona biashara inalegea, nikaingia kuisaidia. Nikamwahidi muziki kila jioni. Nikamwahidi pikipiki za majini. Nikamwahidi kasa aliyefundishwa kubeba wageni mgongoni. Mkunga akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akamshika Shemeji mkono, akamwombea baba yake afya, akaenda zake.

Shemeji hakusema nami mpaka jioni. Nadhani kasa alikuwa wa ziada.

Jumamosi, 7 Machi

Simu asubuhi. Mzee amezidiwa. Shemeji akafunga begi lake pale pale kwenye banda. Boti moja inaondoka mchana, nyingine ni Jumanne.

Aliniuliza begi langu liko wapi. Nikamkumbusha kwamba kesho wanatangaza zawadi ya Kituo Kipya Bora. Nilishawadokeza waamuzi mara kadhaa, mmoja mpaka ngazini. Kuondoka sasa ni kumwaga maji ukiwa umefika mlangoni.

Shemeji alisimama. Ni mtu mrefu, lakini leo alionekana mfupi.

"Baba anakuulizia wewe," akasema. "Anauliza kila boti ikifika."

Nikamwambia amwambie Mzee kwamba naja na zawadi yake mkononi. Akainamisha kichwa, akaenda. Nilimtazama mpaka akapotea kati ya mitende ya Bwana Mitende.

Mzee ni mtu wa namna hiyo. Siku nilipokwenda kuposa, nilikuwa sina kazi na suruali si yangu. Wajomba wote walinikataa. Yeye aliniuliza swali moja tu, kama najua kushika msumari. Nikasema ndiyo. Sikuwa najua. Alicheka, akanikalisha karibu yake.

Nimefuta vumbi kwenye meza mara mbili. Hakuna aliyekuja.

Jumapili, 8 Machi

Zawadi imechukuliwa na hoteli ya kwenye barafu. Barafu! Sisi tumepewa cheti cha kushiriki. Aliyekuja kukarabati bomba la choo naye alipewa. Alikuwa amesimama kwenye mstari.

Watu walikuwa bado wanapiga makofi simu ilipoita. Shemeji. Alisema maneno machache. Sikumsikia vizuri, nikamwomba arudie, na akalazimika kuyasema tena.

Nilikwenda kukaa nyuma ya banda, sakafuni, pale kwenye mtungi. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilipoinuka, bango lilikuwa limeshakunjwa na vipeperushi vimefungwa kwa kamba. Bwana Mitende ndiye aliyefanya yote hayo. Alisema tu kwamba ana gari, na kwamba Jumanne atanipeleka bandarini.

Jumanne, 10 Machi

Nimefika. Wamemzika jana. Jua lilikuwa kali, hawakuweza kungoja.

Nyumba ya wageni imejaa. Vyumba vyote sita. Shangazi, wajomba, binamu, majirani kutoka ng'ambo, watu wamelala mpaka kwenye korido. Mke wangu alikuwa jikoni anagawa mito. Amekonda. Nikaanza kumweleza habari za waamuzi. Akaweka mto chini.

"Mimi sikukuomba wageni," akasema. "Nilikuomba wewe."

Nilikwenda kaburini peke yangu, nikalia mpaka kaa wakazoea, wakaanza kutoka kwenye matundu yao. Nilimwomba Mzee radhi. Nilimwambia nimeelewa. Leo nimeelewa kila kitu.

Ijumaa, 13 Machi

Waombolezaji wanaanza kuondoka. Jambo la ajabu: wanaondoka shingo upande. Shangazi kasema hajalala vizuri hivi tangu alipofiwa na mumewe. Binamu kasema huku mtu analia bila kuonekana. Mjomba mmoja kauliza kama anaweza kubaki wiki nyingine.

Nimeshindwa kukaa kimya. Dunia imejaa wafiwa! Hakuna aliyewajengea kituo. Nimemhoji Shangazi kuhusu mito, nimempima Mjomba na kitanda. Bwana Mitende aliniambia kuna maonyesho mengine mwezi wa sita, na safari hii nitaomba banda karibu na lango.

Mke wangu yuko barazani. Ameniita nikakae naye, kukaa tu, kabla jua halijazama. Ni mara ya kwanza kuniita tangu nije. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

Nimemwambia naja.

Ameita tena.

Naja, mke wangu. Nimalize tu kuchora hili banda.