Sifuri ya Malaba

Kwa ajili ya maendeleo, utaratibu na heshima ya mteja, kampuni ya simu ya Zingatel ilitangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, intaneti ingekuwa mali ya mtu mmoja, simu moja na, inapowezekana, jicho moja. Kuwasha hotspoti ili mwenzako naye aonje bando yako kulipigwa marufuku katika eneo lote la mpaka. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kutoka juu ya pikapu, nje ya ofisi ya kampuni hapo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na aliyelisoma alikuwa Paulinus Okurut, Afisa Mwandamizi wa Uadilifu wa Bando, Kanda Ndogo ya Mpakani.

Alilisoma mara tatu: kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kiteso ambacho alikuwa amekisahau kidogo tangu apewe cheo. Madereva wa malori walimsikiliza wakiwa wameegemea magurudumu. Mmoja akauliza kama sasa watakatazwa pia kuazimana kiberiti. Paulinus aliliandika swali hilo katika daftari lake, chini ya kichwa "Mwitikio Chanya wa Umma".

Tusimcheke mapema. Paulinus alikuwa amekaa Malaba miaka kumi na mmoja, akimeza vumbi la malori na kusubiri uhamisho. Sasa makao makuu yalikuwa yamemwahidi, tena kwa maandishi, cheo cha Meneja wa Kanda ya Ziwa, na ofisi Kisumu yenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Sharti lilikuwa moja tu. Katika wiki tatu, idadi ya watu wanaogawana intaneti Malaba ishuke hadi sifuri. Si wawili, si mmoja. Paulinus aliitaka sifuri hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani, mkewe akiwemo, na mkewe alilijua hilo.

Shida ni kwamba Malaba iliishi kwa kugawana. Foleni ya malori ikigoma kusogea, madereva walikuwa na desturi yao. Wa mbele ananunua bando leo na kuwawashia wanne walio nyuma yake, kesho zamu inamwangukia wa pili, na hivyo hivyo mpaka lango lifunguke. Aliyekwepa zamu hakutukanwa. Alikosa tu mtu wa kumwangalizia turubai akienda kuoga. Nao maajenti wa forodha, wanaoingiza hati za mizigo katika mfumo wa serikali, walifanya kazi kwenye vibanda vya mabati wakiwa na laptopu moja na simu moja. Simu ndiyo iliyoilisha laptopu. Ukiikata hotspoti, ajenti anabaki na mashine nzuri ya kuwekea kikombe cha chai.

Haya yote Paulinus aliyajua vizuri sana. Katika ripoti zake aliyaita "mazoea holela ya kimtandao".

Basi akaingia kazini. Zingatel ilizima uwezo wa kugawa katika laini zote, na wajanja waliopata njia za kichochoro aliwafuata mwenyewe kwa miguu, simu ya kazi mkononi. Simu zote za kazi za kampuni, za wakubwa na wadogo, zilikuwa na programu ya kunusa. Ikikuta laini au kifaa cha Zingatel kinachogawa au kugawiwa, inaripoti Nairobi papo hapo bila kumwomba mtu ruhusa. Paulinus alipita kati ya malori, tai shingoni, akisoma majina ya hotspoti kwenye kioo: "Nunua Yako", "Bibi ya Pasta", "Usiguse Hii". Baada ya siku mbili majina yalibadilika, yakawa "Okurut Rudi Kwenu" na "Tai Bila Akili". Aliyanakili yote kwa mwandiko safi, akaongeza kwamba jamii sasa inaitambua ofisi yake.

Jumatano alimfumania Ojiambo, dereva wa kanta, lori dogo lililobeba vifaranga, akitoa intaneti kwenye simu yake na kuiingiza kwenye tableti yake mwenyewe.

"Boss, hizi zote ni zangu," Ojiambo alisema. "Najigawia mwenyewe."

"Wewe ni mmoja lakini vifaa ni viwili. Sisi tunahesabu vifaa."

"Na nikimsomea bibi yangu meseji kwa sauti? Hiyo pia ni kugawa?"

Paulinus alifikiri kidogo. "Hiyo bado iko kwa kamati," akasema.

Wala hakuwa anatania. Kamati ilikuwepo Nairobi, yenye wajumbe tisa, na ilikuwa imeketi mara nne kujadili kama abiria anayechungulia simu ya jirani yake ni mpokeaji wa data au ni mtu asiye na adabu tu. Uamuzi ulikuwa unasubiri ziara ya mafunzo Dubai. Paulinus akaifunga laini ya Ojiambo, akamtakia safari njema.

Safari haikuwa njema. Ojiambo alikuwa na vifaranga elfu nne wa siku moja, waliokuwa wakipelekwa Tororo, upande wa Uganda, na jua la saa sita lilikuwa limeanza kuichoma kanta. Ajenti wake, Milka Apolot, alikuwa na hati zote tayari kwenye laptopu. Zilibaki kutumwa tu, na laini ya Milka ilikuwa haigawi. Akafunga kibanda, akaenda ofisini kwa Paulinus akitembea upesi, akamwomba amfungulie kwa nusu saa.

Paulinus alimpokea kwa heshima zote. Alimpa kiti, akamweleza kwamba Zingatel ni kampuni yenye huruma na ndiyo maana imeweka Ombi la Kugawa kwa Dharura. Ombi linaambatanishwa na picha ya atakayegawiwa na barua ya chifu inayothibitisha uhusiano wao, na jibu hutoka ndani ya siku kumi na nne.

"Hiyo fomu iko wapi?" Milka akauliza.

"Iko kwa tovuti. Unajaza kwa laptopu. Kwa simu haifunguki."

"Na laptopu nitaitolea neti wapi?"

"Sasa dada, hiyo ndiyo dharura yenyewe. Unaieleza hapo kwa sehemu ya C."

Milka alimtazama, macho yamemwiva. "Paulo, hivyo ni viumbe vinakufa huko nje," akasema. "Na wewe umekaa hapa na tai unaniambia sehemu ya C."

Maneno hayo yalimchoma, maana walikuwa wamesoma darasa moja Amukura, na Milka ndiye aliyekuwa akimwazima kalamu. Kitufe cha kufungua laini kilikuwa kwenye kompyuta ya Edith, karani wake, hatua mbili tu kutoka alipokaa. Edith alikuwa tayari ameweka kidole. Paulinus alinyanyuka nusu. Kisha akaikumbuka sifuri, na huruma ikampita kama lori tupu. Akakaa.

Milka hakubishana. Alivuka daraja kwa miguu kwenda kwa shangazi yake upande wa Uganda, akarudi na laini ya huko. Mawimbi ya Uganda huvuka mto na kuingia Malaba bila pasipoti, na kampuni yao haikuwa na habari na nani anamgawia nani. Hati zikaenda. Kufikia hapo vifaranga mia tatu na ushei walikuwa wamekufa. Ojiambo aliwapanga katika maboksi yao kwenye ngazi za ofisi ya Zingatel, akapanda gari lake na kuvuka. Katika ripoti ya jioni Paulinus aliandika: "Hasara ya kibayolojia isiyohusiana na mtandao."

Kuanzia kesho yake mji mzima ulikuwa na shangazi Uganda. Maajenti walibadilisha laini, madereva wakabadilisha, mama wa chapati akabadilisha, na hata askari wa lango alionekana akifungua simu yake kwa pini. Zamu za bando zikarudi kama zamani, ila sasa bando ilikuwa ya ng'ambo. Laini za Uganda hazikuwa katika mamlaka ya programu ya kunusa, kwa hiyo programu haikuziona, na kwa kuwa programu haikuziona, Paulinus naye hakuziona.

Alichokiona ni kwamba takwimu zinashuka. Mia tisa, mia nne, sitini, kumi na mmoja. Alhamisi ya wiki ya pili alifika kazini akakuta sifuri, nono na ya duara, katikati ya kioo. Aliitazama mpaka chai ikapoa.

Edith, ambaye hakuwahi kujifunza lini anyamaze, aliuliza kama ni kweli pia kwamba tangu asubuhi hakuna mtu hata mmoja Malaba aliyetumia Zingatel kwa lolote, hata kupiga simu.

"Hiyo ni ya Idara ya Mauzo," Paulinus akamjibu. "Tusiingilie kazi ya watu."

Sifuri ilidumu siku nane mfululizo. Ijumaa ya wiki ya tatu Mkurugenzi wa Nidhamu ya Mtandao, Japheth Bwire, alikuja kutoka Nairobi kuitazama kwa macho yake. Hema lilisimamishwa, viti vikavishwa vitambaa vyeupe, na umati ukahimizwa kuja kwa ahadi ya soda. Mkurugenzi alihutubia kwa dakika hamsini. Alisema kwamba Malaba imekuwa mfano kwa bara zima, na kwamba watu waliozoea kugawana sasa wamejifunza kujitegemea. Watu wote walikuwa wameinamia simu zao. Mkurugenzi alifurahi, akidhani wanamrekodi. Kwa kweli kulikuwa na mechi.

Mwishoni alitangaza kwamba barua ya uteuzi ya Paulinus itafika kwa baruapepe saa tisa alasiri, na kwamba mteule ana muda hadi saa kumi na moja ya siku hiyo hiyo kubonyeza "Nakubali". Kampuni ilikuwa imeacha makaratasi ili kulinda misitu. Paulinus alipiga makofi peke yake kwa muda mrefu.

Lakini Zingatel ilikuwa na idara nyingine yenye bidii kama ya kwake, nayo ni Idara ya Uwekevu wa Minara. Kazi yake ilikuwa kuzima mnara wowote ambao haujatumiwa na mteja kwa siku saba. Mnara wa Malaba ulikuwa umevuka siku saba na kufika nane. Saa tisa kasorobo ulizimwa kwa mbali, na bwana aliyeuzima alipongezwa na wakubwa wake kwa kuokoa dizeli.

Saa tisa ilipofika Paulinus alifungua kompyuta, akakuta mtandao umekufa. Alizunguka ofisi na simu ya kazi juu ya kichwa. Alitoka barabarani, akapanda ngazi, akapanda juu ya pikapu ile ile ya kipaza sauti. Hakuna kitu. Edith alimwambia kwa upole kwamba yeye ana laini ya Uganda, lakini chaji imeisha, na kwamba siku hizi watu wengi huenda kwa Milka.

Saa kumi na nusu alikuwa kwenye foleni mbele ya kibanda cha Milka, nyuma ya madereva sita, tai mfukoni. Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Walimpisha kidogo kidogo mpaka akafika dirishani.

"Dada Milka," alisema kwa sauti ya kanisani, "naomba uniwashie kidogo tu. Ni barua moja."

Milka aliichukua simu yake, akamwandikia neno la siri, akamrudishia.

"Karibu," akasema. "Hapa hatujazi fomu."

Barua ilifunguka. Ilikuwa nzuri, yenye muhuri wa rangi ya dhahabu na maneno "Meneja wa Kanda ya Ziwa" yameandikwa kwa herufi nene. Akabonyeza "Nakubali", na jibu likaja kabla hajavuta pumzi: "Ombi limekataliwa. Kifaa cha kazi cha P. Okurut kimetambuliwa kikipokea intaneti ya kugawiwa. Sharti la uteuzi halijatimizwa. Idadi ya sasa Malaba: mmoja."

Paulinus alisoma tena, taratibu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la mnada.

"Boss, kama umemaliza, songa kidogo," Milka akamwambia. "Kuna mtu nyuma yako."

Akageuka. Alikuwa Mkurugenzi Bwire, koti begani, laptopu kwapani yenye ripoti ya mafanikio ambayo Nairobi ilikuwa ikiisubiri, na mkononi simu iliyokuwa ikipokea ujumbe wa kumkaribisha Uganda kwa mara ya tatu. Aliuliza kwa adabu kama hapo ndipo watu wanapopanga foleni.

Milka akamwashia naye. Kufikia saa kumi na moja, takwimu rasmi za Zingatel zilionyesha kwamba Malaba yote, pande zote za barabara, ina wagawiwa wawili tu, na wote ni waajiriwa wa kampuni.