Pai Arobaini na Moja, Zote Bora

Hatimaye Kaunti ya Halvorsen ilikombolewa kutoka kwenye janga la tofauti. Tangazo lilibandikwa posta, kanisani na kwenye mlango wa duka la mbolea: kuanzia maonyesho ya Agosti, kila pai ya mashindano itakuwa Pai Sanifu. Sentimita ishirini na tatu, matufaha sita, mdalasini gramu mbili. Aliyetia saini ni Lyle Brandvold, Afisa Usanifishaji, bwana ambaye hata kanisani haendi bila rula.

Lyle alikuwa na lake jambo. Kiti cha Mkurugenzi wa Viwango wa jimbo kilikuwa wazi, na Kamishna Joyce Kubicek angekuja kwenye maonyesho kumtangaza atakayekikalia. Lyle alikwishanunua tai.

Bi Verna Tiedeman, aliyeshinda miaka kumi na tisa kwa pai yake ya cheri, alimfuata ofisini.

"Lyle, mimi ndiye niliyekufundisha Shule ya Jumapili. Hiyo cheri imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Bi Verna. Imezidi tu."

"Imezidi nini?"

"Utamu. Wenzako wanaonekana hawajui kupika."

Mama wa watu akarudi nyumbani, akamenya matufaha sita. Ilimuuma, tena sana.

Siku ya siku ikafika. Pai arobaini na moja zilipangwa mezani, na hata mama mzazi wa Lyle hakuitambua yake. Waamuzi walionja tano, wakakubaliana kwamba zilizobaki zinajulikana, wakampa kila mpishi utepe wa ushindi, wa kijivu. Lyle alijiona kidume.

Kamishna alipopanda jukwaani, aliisifu kazi hiyo kwa dhati. Ofisi yake, alisema, ilivutiwa mno hata ikawapa waombaji wote wa ukurugenzi Fomu Sanifu aliyoibuni Lyle mwenyewe. Fomu sitini zilirudi, na kila moja ilisema mwombaji ni mwadilifu na mchapakazi. Basi zikatiwa kofiani, ikaokotwa moja. Mkurugenzi mpya ni Dwayne Fenske, ambaye dakika hiyo alikuwa nje akielekeza magari kwenye maegesho.

Lyle alimkimbilia Kamishna nyuma ya jukwaa, jasho likimtiririka.

"Mheshimiwa, mfumo wote huu nimeubuni mimi!"

"Najua, Bwana Brandvold. Nilitafuta pa kuliandika hilo kwenye fomu, sikupaona."

"Ile sehemu ya sifa za pekee?"

"Uliifuta wewe."